Chumba Changu, Kiwanja cha Mzee Ngeleja

Asumini shoga, nakuandikia nikiwa nimekalia sanduku la vitambaa, nje. Ndiyo, nje! Mzee Ngeleja kanitoa chumbani.

Mkataba wetu si unaujua? Miaka miwili, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyekuwa shahidi. Nimekaa miezi saba tu.

Asubuhi kaja na mkewe, godoro na kuku. "Mwanangu, chumba nakitaka leo." Leo, Asumini! Eti kwao Ngulyati wote wanahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, na yeye hataki kwenda. Mwenye makazi mjini hahamishwi.

Nikakimbilia kwa balozi na mkataba wangu mkononi. Kausoma wote, polepole, hadi sahihi yake mwenyewe. Kisha akaniuliza, "Sasa wewe unakaa wapi?"

Nikamwambia sina pa kukaa, ndiyo maana nimekuja kwako. Sina pa kukaa! Nimeyasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akafungua daftari. "Asiye na makazi mjini anaandikwa kijijini." Akaniandika.

Nimechoka, shoga. Hata kulia sikulia.

Lori linakuja Jumamosi. Kiwanja cha kule kijijini nimeshapewa, kimoja tu kilikuwa kimebaki wazi. Nikauliza kilikuwa cha nani.

Cha Mzee Ngeleja.

Nimerudi kuchukua cherehani changu, nikamkuta mlangoni pangu anakunywa uji. Kaniambia nisihofu, udongo wa kule unakubali pamba.