Elodie chini ya kitenge

Fifi, uko? Dote ya Elodie, sherehe ya mahari yake, imekufa sasa hivi, kuku hata hazijapoa.

Unajua mambo yetu: wanafunika mabinti watatu na vitenge, watu wa bwana-arusi wamutambue wa kwao. Baba mukubwa wa Blaise akaona fimbo ya Elodie ya kutembelea inatokea chini ya kitenge. Akacheka. «Huyu hapana, hatukukuja kuoa kilema. Mutuletee wa kweli.»

Hatukukuja kuoa kilema, Fifi. Na macho yake yote mbili mazima, muzee ule.

Blaise, mwenye kujua ule mguu wa Elodie uliopigwa risasi ya vita tangu siku ya kwanza, alibaki akiangalia viatu vyake vipya. Mupaka Elodie akajifunua mwenyewe, hapo bwana-arusi akasema polepole: «Njo yeye, ni huyu.»

Elodie akashika fimbo yake. «Hapana. Baba mukubwa amesema kweli. Si mimi.»