Mlango wa Buluu wa Bi Kazija

Unguja, 3 Oktoba 1970

Mdogo wangu Mjaka,

Salamu nyingi. Natumai huko Dar es Salaam u mzima na kifua kimepoa. Mimi na watoto hatujambo. Mama ndiye wa kumsemea.

Umenilaumu kwa kumtia Mama katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Sikiliza kwanza, kisha unilaumu vizuri. Mume wangu Kificho aliingia uani na gunia la mkaa, Mama akamdhani mwizi, akamkata panga la mkono. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Usiku Kificho aliniambia, "Wanu, mie mamaako nnampenda, lakini nnataka nife kwa siku zangu." Ningefanyaje?

Na huku nako ni vita. Jengo ni ukumbi mmoja mrefu, milango yote ya kijivu, yote sawa, hata mimi mwenye akili zangu hupotea. Jana Mama alitoka chooni akaingia chumba cha Bi Duni, akamkuta kalala. "Toka kitandani kwangu, mwizi wee!" Akamvaa kwa mtalawanda, kiatu cha mti cha kuogea, usoni, tena na tena. Bi Duni meno ya mbele hana tena. Damu ilifika ukutani. Nilipomvuta Mama aliniuma bega.

Msimamizi wetu, Bwana Shamsi, kasema Bi Kazija akimuumiza mtu mwengine atapelekwa kwa wagonjwa wa akili, akafungiwe. Mama akifungiwa hamalizi mwezi. Wewe unachora majumba ya watu. Mchoree na mamaako namna ya kukijua chumba chake.

Dadaako,
Wanu


Dar es Salaam, 14 Oktoba 1970

Dada Wanu,

Shikamoo. Kifua kimepoa, alhamdulillahi, lakini barua yako imeniumiza. Mpe pole Kificho, na Bi Duni mwombee radhi kwa niaba yangu.

Nimefikiri hivi. Mama kasahau ya jana, ya zamani anayo. Huo mlango wa kijivu hakuwahi kuujua, basi atausahauje? Mpe mlango anaoujua. Upake buluu kama wa nyumba yetu ya Mkunazini. Tundika kanga yake kwenye mwimo wa mlango, weka jamvi mbele, fukiza udi ndani. Kitanda kikae pale ambapo mlango ukiwa wazi atakiona. Sakafuni piga mstari wa buluu kutoka chooni mpaka kizingitini, aufuate kwa macho.

Na kwa ndani umtilie komeo la mti la kupachika, kama lile la nyumbani. Mama bila komeo halali.

Mdogo wako,
Mjaka


Unguja, 6 Desemba 1970

Mjaka,

Marahaba, na Idd Mubarak iliyotupita. Watoto wamekula halua mpaka wameumwa na matumbo. Wazima sasa.

Mlango umefanya kazi, nakupa haki yako. Mama akitoka chooni anaufuata mstari polepole, akiona kanga anacheka peke yake, anaingia. Kila asubuhi anafagia jamvi na kuwauliza wapita njia habari za nyumbani kwao. Nililia kwa furaha.

Sasa sikia balaa. Bakar, mtumishi anayewagawia wazee uji, mikono ilikuwa imejaa mabakuli. Akausukuma mlango kwa mguu, kama wanavyofanya kila chumba. Mama alikuwa nyuma ya mlango na lile komeo lako mkononi. Alimvunja mkono, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Bakar kaanguka kwenye uji, na Mama anaendelea kumpiga, mgongoni, kichwani, anapiga kelele, "Hamumpati! Hamumpati!" Tulimshika watu watatu. Mjaka, yule ni mwanamke wa kilo ngapi? Nguvu zile kazitoa wapi?

Bwana Shamsi alikuwa ameshaagiza gari la kumchukua. Nikakaa kizingitini nikamwambia anikanyage kwanza. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nataka kulitoa komeo. Nijibu upesi.

Dadaako,
Wanu


Dar es Salaam, 13 Desemba 1970

Dada Wanu,

Shikamoo. Nawaombea afya nyote, na Bakar kuliko wote.

Komeo usilitoe. Nguvu kazitoa pale pale alipozitoa Januari ya Mapinduzi. Wewe ulikuwa umeshaolewa Nungwi, hukuyaona, na mimi sikupenda kuyasema. Walikuja asubuhi, wanamtaka Baba kwa sababu alikuwa askari. Hawakupiga hodi. Walivunja mlango wa buluu kwa shoka na wakamkata Baba pale pale kizingitini. Mimi, na miaka yangu kumi na tano, nilikuwa chini ya kitanda. Mama akasimama mbele ya chumba na mchi wa kinu, kila aliyetia kichwa alipigwa. Mmoja nilimwona taya imekwenda upande. Mwisho walichoka naye wakaondoka. Nilitoka pale chini jioni.

Basi nyinyi mnaingia bila hodi, yeye anaona wamerudi. Mwambie Bwana Shamsi mtu yeyote asimame nje ya jamvi, apige hodi, na asiguse mlango mpaka asikie karibu. Asipokaribishwa arudi baadaye, uji hauna haraka. Chumba ni cha mwenyewe hata kama nyumba ni ya Serikali.

Mdogo wako,
Mjaka


Unguja, 20 Januari 1971

Mjaka mpenzi,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima, na leo nina maneno matamu.

Wanapiga hodi wote! Bwana Shamsi mwenyewe alisimama nje ya jamvi kama mchumba, akangoja, mpaka Mama akasema, "Karibu, vua viatu." Akavua. Tangu hapo hajampiga mtu hata kofi. Sasa wazee wengine nao wanataka. Bi Duni kapakiwa mlango wa kijani, na anakuja kuzungumza na Mama kama si yeye aliyemng'oa meno. Bwana Shamsi anasema Mama atabaki, ila neno lake ni lile lile, damu ikimwagika tena ni gari.

Njoo Idd Kubwa umwone. Anakutaja.

Dadaako,
Wanu


Unguja, 16 Februari 1971

Mjaka,

Hali yako? Daktari wa huko anasemaje juu ya jicho? Kama huwezi kusoma, mpe mtu unayemwamini akusomee.

Siku ile ya Idd ulipokuja, nilikuwa jikoni. Nilisikia mlango, sikusikia hodi. Kisha nikasikia komeo, na sauti ile sijui niieleze vipi, kama dafu linapofunguliwa. Nilipofika ulikuwa umepiga magoti, damu inatoka kati ya vidole vyako, na Mama kanyanyua akupige tena. Pigo la pili nikalipokea mimi kwa mgongo.

Ulimwambia Bwana Shamsi umeteleza ukagonga kizingiti. Alilitazama komeo lina damu, akanitazama mimi, akasema sakafu ikaushwe. Hajaita gari. Nampenda kwa hilo mpaka nife.

Lakini nina hasira nawe. Wewe uliyetufundisha sote! Kwa nini hukupiga hodi?

Na Mama, hajui. Anamwambia kila mtu, "Kaja mmoja, nshampiga. Mjaka hawakumpata." Kila asubuhi anainama kutazama chini ya kitanda, kisha ananiuliza mtoto katokea wapi, kala? Nikitaka kumjibu, nalia.

Dadaako,
Wanu


Dar es Salaam, 2 Machi 1971

Dada Wanu,

Shikamoo. Mgongo wako vipi? Samehe mwandiko, nazoea kuandika kwa jicho moja. La kushoto wamelitoa. Kazini wamenipa mwezi, kisha tutaona kama mistari yangu bado imenyooka.

Unauliza hodi. Nilikuja na zawadi mkononi, nikauona mlango wa buluu, kanga, na harufu ya udi. Nikasahau mji, nikasahau na miaka. Nani anapiga hodi kwa mamaake? Niliingia nikitaka kumwambia nimerudi.

Msibadilishe kitu. Akikuuliza, mwambie Mjaka katoka zamani, mzima, kala, kenda kuoga. Mwambie walioingia wameondoka na hawarudi.

Nitakuja tena nikipata ruhusa. Nitasimama nje ya jamvi na kungoja kama wengine, na akinikaribisha nitakaa kidogo na kunywa chai. Jina langu sitamtajia. Mwanawe anaye, kamwokoa mwenyewe, na mimi simwondoshei hilo.

Mdogo wako,
Mjaka