Siku Bujiku Alipousukuma Mtutu

Kharumwa,
Jumapili mchana.

Dada yangu Paskazia,

Shikamoo. Ninaamini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa palizi limekuachia. Shemeji hajambo? Na Wema je, ameshazoea kazi yake ya ualimu? Sisi tunaendelea vizuri. Mama Asteria anakusalimu sana, anasema michembe ya viazi uliyotutumia imekwisha na watoto bado wanaiulizia.

Nimepata habari kwamba huko Mhunze mmesikia Bujiku alitaka kuua mtu porini. Ndiyo maana sikupiga simu. Nimetaka ulisome jambo hili taratibu, tangu mwanzo, kwa maneno yangu mwenyewe.

Bujiku unamfahamu. Ni yule mrefu aliyekuja kwenye msiba wa baba akachimba kaburi bila kukubali kupokewa jembe. Tulikutana machimboni Masumbwe, na tangu tuache kazi ya mashimo tumewinda pamoja kila kiangazi, mwaka wa kumi na moja sasa. Mimi hubeba gobore la baba, yeye hutangulia kusoma nyayo. Porini hatusemezani. Akinyoosha kidole, nakwenda, akichuchumaa, nachuchumaa.

Mwezi uliopita tulipata kibali cha kuwinda pongo mmoja. Tulitoka asubuhi, na tulipofika porini Bujiku akakung'uta kitambaa chake cha majivu kuupima upepo. Majivu yalirudi nyuma yetu, akatabasamu. Tukafuata nyayo mbichi mpaka ukingoni mwa korongo. Hapo akaniashiria nisubiri chini ya mgunga, yeye azunguke kidogo kutazama. Hakuwa amefika mbali nilipoona kitu cha rangi ya udongo kikitikisika kichakani. Kiliinama, kikainuka, kikainama tena. Nikasema moyoni, huyu hapa. Nikainua gobore, nikabana pumzi.

Dada, sikumsikia akirudi. Nilichohisi ni mkono wake ukiusukuma mtutu juu, kisha mlio. Vijani vya mgunga vikatumwagikia vichwani. Halafu nikasikia yowe la mwanamke.

Alikuwa Apolonia, mjane anayekaa karibu na mnada wa ng'ombe. Alikuwa ameinama anakata kuni, amejifunga kitenge cha kahawia. Bujiku alinipokonya gobore hata kabla yule mama hajatufikia. Apolonia alikuja na panga mkononi, akiuliza ni nani kati yetu aliyechoka kumwona duniani. Mimi ulimi uligoma.

"Ni mimi, mama," Bujiku akasema. "Limenilipukia mkononi. Nisamehe."

Apolonia alimporomoshea matusi yote ya Kisukuma anayoyajua, naye akayapokea ameinamisha kichwa. Kisha akamfungia kuni zake na kumbebea mpaka nyumbani. Watu walimwona, wakauliza, na habari ikaenea kwa jina lake.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza kwa nini amebeba kosa langu. Akajibu kwamba mimi nilishindwa kusema, na yule mama alistahili kujibiwa na mtu. Halafu akasimama njiani.

"Kalisti," akaniuliza, "pale uliona nini?"

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kukuungamia, dada. Sikuona kitu. Niliona ukungu wenye rangi. Macho yangu yako hivyo tangu masika ya mwaka juzi. Nilikuficha wewe, nikamficha na Mama Asteria, kwa kuogopa mtasema gobore la baba lirudishwe. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya baba wadogo ukasema nikabidhiwe mimi, nami nikaendelea kulibeba nikijua sioni. Ningemuua mama wa watu kwa ajili ya ukaidi wangu. Bujiku aliniambia alishaanza kushuku tangu kiangazi cha mwaka jana, akadhani akikaa karibu nami inatosha. Alipolisema hilo alilia. Tulisimama pale njiani watu wazima wawili, tunalia.

Kesho yake nilikwenda kwa Apolonia nikamweleza ukweli wote. Nilidhani atanifukuza. Mwishowe akasema Bujiku anajua kuomba msamaha kuliko mimi, kisha akataka kujua kama nimeshamwona daktari. Nilikuwa sijaenda. Nilikwenda juma hilo hilo. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari anasema upasuaji utanisaidia. Naanza na la kulia Jumanne hii, mjini Shinyanga. Gobore nimelipeleka kituo cha polisi lihifadhiwe. Ninyi wakubwa mtakavyoamua, nitakubali. Tafadhali waeleze ndugu zetu wa huko kwamba Bujiku hakumkosea mtu yeyote.

Mama Asteria na Bujiku watanisindikiza. Tulikuwa tunahangaika nani atabaki na watoto. Jana Apolonia alikuja bila kuitwa, akiwa na mkeka wake na kibegi cha nguo, akasema atalala hapa mpaka turudi. Sasa hivi ninapoandika, ukurasa umenikaribia pua, namsikia uani akimsuka Asteria nywele, wanacheka. Dada, sijui nimshukuruje Mungu kwa sauti hiyo.

Msalimie shemeji, Wema na wote wanaotuulizia. Niombee Jumanne.

Mdogo wako,
Kalisti