Upanga uliosuguliwa kwa ukwaju

Al Wakrah, Jumatano, Juni 2013

Vumbi limetanda tangu alfajiri, hata nyumba ya jirani haionekani vizuri. Mimi nimekosa raha kabisa.

Baba, mwenye nyumba hii, anakusanya panga za kale za maofisa wa jeshi la Marekani. Alisoma huko ujanani, akarudi na wazimu huu. Mimi Mtanga wa watu sijawahi kuuelewa. Kwake, uchakavu ndio mali yenyewe: shaba iwe imepiga weusi, na jina la ofisa lisomeke kwenye bapa kwa ile dhahabu iliyofifia. Sisi wafanyakazi tunafuta kioo cha kabati kwa nje tu.

Bi Zuhura, aliyefika kutoka Pemba mwezi uliopita, hakuna aliyemwambia.

Leo Baba karudi safari, akakuta upanga anaoupenda kuliko zote unawaka kama sufuria mpya. Dhahabu hakuna. Jina la ofisa halisomeki tena. Akakaa sakafuni, mtu mzima yule.

Akaniita nitafsiri, maana Bi Zuhura Kiarabu bado hakijui. Akataka nimuulize amefanya nini.

Bi Zuhura akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Ukwaju tu, mwanangu, na jivu la chetezo. Kwetu sinia za harusi ndo tunavosugua. Mwambie asiwe na wasiwasi, zilobaki n'tazimaliza kesho."

Nikaingiwa na hofu. Nikamwambia Baba, "Anasema anaomba msamaha."

Nilidhani namwokoa.

Baba akamtazama usoni, akaliona lile tabasamu. "Anaomba msamaha huku ananicheka?" Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Baadaye nikamsikia akimwambia mkewe kwamba upanga angeusamehe, lakini dharau hapana. Jioni atapiga simu ofisi iliyomleta Bi Zuhura, waje wamchukue.

Mwenyewe hajui. Ameniuliza kama Baba amefurahi, nikamjibu anapumzika. Naona aibu. Mama wa watu alikusudia heshima, mimi nikaifanya ionekane kejeli.

Nimekaa hapa naandika kwenye simu badala ya kwenda kusema, kwa sababu naogopa nitarudishwa nyumbani mimi. Ukweli ndio huo, wala sina mwingine.

Swala ya alasiri imekwisha, Baba yuko njiani kutoka msikitini. Naweka simu chini. Nitamsubiri mlangoni nimwambie alichosema Bi Zuhura, neno kwa neno. Kisha nimwambie ni nani aliyemdanganya.