Murunga Hakumwambia Mungu "Pwana"

Eldoret,
Jumapili, 14 Agosti 1955.

Mpendwa Mjomba Wepukhulu,

Najua salamu hutangulia, lakini nikianza na salamu nitaishiwa na ujasiri, kwa hiyo nisamehe. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mwaka jana baba alikuja kunitembelea shuleni na mfuko wa mahindi ya kuchemsha. Alimsalimu Mwalimu kwa sauti kubwa, "Pwana asifiwe!" Wavulana wakaangua kicheko. Baadaye Kituyi wa darasa letu aliniuliza yule mzee ni nani. Nikajibu, "Ni jirani yetu tu."

Sasa salamu. Hujambo, Mjomba? Kifua kimepona? Watu wa Jinja wanakutunza? Sisi sote ni wazima. Mvua hapa inafika kila siku baada ya saa tisa, na mahindi yamempita mama kwa urefu. Barua hii anakuletea Phineas wa treni kwa mkono wake. Sikutaka kuipeleka posta, na ukiisoma utajua kwa nini.

Unamkumbuka Yona Murunga, yule "Mpishi Matope" wa sinema ya gari lililokuja kuonyesha picha uwanjani? Wewe ndiwe uliyenibeba mabegani nimwone mara ya kwanza. Alikuwa anatokea na sinia, anasema, "Chai tayari, Pwana!" kisha anateleza kwenye tope, vikombe vyote juu. Uwanja mzima ulilisema neno hilo pamoja naye. Alifariki mwezi wa kwanza, na hapa watu wazima walilia kama wamefiwa na ndugu.

Mwezi uliopita watu wa sinema walikuja kutoka Nairobi kutengeneza picha ya maisha yake. Walitaka mwanafunzi anayeweza kushika maneno kichwani awe Murunga wa ujana, alipokuwa akifanya kazi jikoni kwa mzungu mmoja. Mwalimu Kimeli akanichagua mimi. Mimi, Mjomba, ninayejificha nyuma ya kitabu msichana akipita! Walisema nina shingo ya Murunga na ulimi wa Murunga. Tangu siku hiyo darasa zima linaniita Pwana Khisa.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko hesabu. Mpishi wa shule aliniambia Murunga alivuta mguu wa kushoto. Kinyozi akaapa ni wa kulia. Kila mtu ana Murunga wake, na hataki kuonyeshwa mwingine. Mwisho niliazima baiskeli ya Mwalimu nikaenda upande wa Sugoi kwa mjane wake, Mama Nasambu.

Alinitembeza uani kwake. "Unatembea kama kuku aliyenyeshewa," akasema. "Mume wangu alitembea kama mtu." Nikamwambia ile ya chai na Pwana. Hakucheka.

"Yona alisali katika nyumba hii miaka ishirini," akasema. "Hakusema Pwana hata siku moja. Ulimi wake ulikuwa mzima kuliko wa karani."

Kisha akanieleza. Murunga alipoanza kazi aliamriwa amalizie kila neno kwa "Bwana". Yeye alikuwa mtu wa kanisa, na kwake Bwana alikuwa mmoja tu. Basi hilo akaliweka kwa ajili ya sala, na mzungu akapewa Pwana. Wazungu wakacheka wakidhani ulimi umekosea. Akawaacha wacheke mpaka alipokufa.

"Na wewe usiwaambie," akasema. "Siku hizi watu wanachukuliwa na askari kwa maneno madogo kuliko hilo."

Nilirudi nikisukuma baiskeli, sikuipanda. Nilikuwa nawaza juu ya baba. Sijui Pwana yake inatoka kwenye ulimi au kwingine. Sijawahi kumwuliza.

Jumatano tulipigwa picha katika jiko la shamba moja. Murunga kijana anakaa mbele ya ugali wake, anasali. Nicholas, karani wao, alinisomea maneno huku akicheka: "Pwana Mungu, pariki chakula hiki." Mama Nasambu alikuwa ameketi juu ya sanduku karibu na mlango, maana walitaka picha yake pia. Aliposikia hayo aliinamisha kichwa.

Sikuweza kueleza, na kuondoka nisingeweza. Kituyi alikuwa ameletwa awe tayari kushika nafasi yangu, na yeye angelisema neno hilo bila kufikiri. Nikafumba macho nikasema, "Bwana Mungu, bariki chakula hiki."

"Hapana!" akafoka mkubwa wa sinema, mzungu, kwa Kiswahili chake. "Wewe nasema Pwana! Pwana!"

Nikarudia. Bwana. Mara ya tatu, Bwana. Nicholas akaninong'oneza, "We Khisa, umerogwa? Juzi ulishindwa kusema bakuli, leo umekuwa mtu wa Lamu?"

Wakanitoa, wakamvika Kituyi aproni. Lakini Kituyi ni Kituyi. Alifika "Pwa—" akapasuka kwa kicheko. Wakaanza tena, akacheka mpaka akamwaga mboga. Mawingu yakawa yameshafunika dirisha, na kwenye mashine kilibaki kipande kimoja tu cha filamu. Wakanirudisha mimi. Niliibana midomo kwenye ile B mpaka ikauma. Nilipomaliza kusema amina, mvua ikapiga mabati. Hawakuwa na picha nyingine ya kuweka mahali pake.

Mkubwa akanisogelea akiwa amekasirika. Akasema nimeharibu kichekesho kinachopendwa na nchi nzima, na kwamba Murunga hakuwa hivyo. "Nasikia?" akaniuliza.

Nikasimama wima. "Ndiyo, Pwana," nikasema.

Akacheka, akanipiga begani. "Sasa! Sasa ndiyo Murunga!" Mama Nasambu alikohoa ndani ya leso yake, na akakohoa kwa muda mrefu.

Jana nilikwenda kwetu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, nikamwomba baba tufuatane mjini. Sokoni tulimkuta Kituyi na wenzake watatu. Nikawaambia, "Huyu ni baba yangu. Mwaka jana niliwadanganya." Baba alinitazama kidogo. Kisha akawapa mkono mmoja mmoja. "Pwana asifiwe," akasema. Kituyi akaanza kutabasamu. Nikamkazia macho, akajibu, "Amina, Mzee." Tukanunua chumvi na sabuni, nikambebea baba mfuko mpaka nyumbani, katikati ya barabara. Sikumwuliza lolote.

Nisalimie Shangazi Tryphosa na mtoto Rosebella, mwambie ajifunze kusoma upesi nimwandikie na yeye. Mama na baba wanakusalimu sana. Bwana akulinde usiku na mchana, na uone nimeliandika kwa B.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Khisa