Chura wa Ndoo ya Mama

Nainokanoka,
9 Mei 1983.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua na ngano imeota vizuri hapo Mbulumbulu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi mifupani. Katarina mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, usiruke mstari hata mmoja.

Mama, Dokta Eunike, yule mtafiti wa vyura ninayembebea vifaa, amepata chura ambaye hayumo katika kitabu chochote. Ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba, na chini ya mapaja ana wekundu wa nyanya mbivu. Dokta alipomwona chupani alikaa chini kwenye majani mabichi akacheka peke yake.

Lakini chura mmoja hatoshi. Lazima wapatikane wengine palepale panapotajwa na kijikaratasi cha chupa, la sivyo wenzake wa chuo watasema ametunga. Kijikaratasi kilisema Nainokanoka, kwa mwandiko wangu. Siku nane tumepekua kila gogo na kila kijito. Mzee Moloimet, mfugaji anayetuonyesha njia, alisema amenywesha ng'ombe hapa tangu utoto na chura wa namna hiyo hajamwona. Dokta akaanza kununa. Jana akasema anarudi mjini, kazi yote ataifuta. Usiku sikula.

Sasa nisikie, mama. Siku ya kipaimara cha Katarina sikuwa na ruhusa kama nilivyokuambia. Nilitoroka kazini. Na yule chura uliyemkuta kwenye ndoo ya maji ya chemchemi, ukanituma nikamtupe, sikumtupa. Nilimtia chupani, nikaandika Nainokanoka, mahali nilipotakiwa kuwa siku ile.

Leo asubuhi nimemwambia Dokta yote. Nikajua nimefukuzwa. Kisha akasema, "Josephati, siku nane umenipandisha milima, kumbe chura ni wa ndoo ya mama yako?" Akacheka hadi akafuta machozi. Mama, nimepumua! Mchana nimekula sahani mbili za ugali.

Tunakuja Jumamosi. Kaka Clemensi alisema atafyeka miti ya pale chemchemi apande maharage. Nakuomba, mwambie aweke panga chini kwanza.

Nisalimie jirani wote, nao Mungu awatunze. Ukimkuta mwingine ndooni, usimtupe. Mfunike na ungo, mwambie tuko njiani.

Mwanao mtoro,
Josephati.