Kaburini Msimwite Rispah

Al-Mahjar, Jeddah
Machi 2014

Dada Selipher,

Rispah amekufa. Alikuwa anaosha dirisha la ghorofa ya juu huko Riyadh, akaanguka kwenye saruji, akafa. Agenti aliyempeleka kazini aliwaambia nyinyi ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Mtu asikwambie vingine.

Sasa nikusalimu. Hamjambo huko? Mguu wa Baba unaendeleaje? Watoto wanakula? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaogopa, ndiyo sababu naandika. Barua anakuja nayo Carol wa Kimilili, anarudi nyumbani Jumatano. Simu sikutaka. Simu unapokea pale dukani na kila mtu anasikia, na haya si ya dukani.

Wewe hupenda nikuandikie vile watu wa huku wanaishi. Leo pia nitakuandikia, maana bila hayo hutaelewa kilichonipata.

Huku mwanaume hataji jina la mke wake mbele ya wanaume. Hata rafiki yake halijui. Atasema familia, ama mama wa fulani. Mimi nilikuwa sijui. Tulikuwa bandarini tunapakua mchele, simu ikaingia, ni Protus. Huyu Protus ni mtu wa Chwele, ni dereva wa nyumba jirani na ile Rispah alikuwa anafanya kazi. Yeye mwenyewe alijua kwa kuchelewa, hiyo nyumba ilikuwa imenyamaza. Nikamwendea msimamizi wetu, Mpakistani, nikamwambia Rispah amekufa. Akauliza Rispah ni nani. Nikasema ni mke wangu. Wote wakaangalia chini kama nimevua nguo. Halafu akanishika mkono. Wanaume wa huku wanatembea wameshikana mikono na hakuna anayecheka. Akanitoa kando, akaniambia polepole nisiseme jina, niseme familia. Akanipa siku mbili. Si mtu mbaya.

Kutoka mji mmoja kwenda mwingine unatakiwa kuwa na barua ya kafili, yule tajiri aliyekuleta na anayeshika kibali chako. Kafili wangu alikuwa safarini. Nikaenda bila. Basi linapita jangwani mpaka unachoka kuangalia, hakuna hata mti wa kukojolea. Kila kizuizi cha polisi najifanya nimelala. Wakati wa sala basi likasimama, wote wakashuka wakapanga mstari kwenye mchanga, nikabaki ndani peke yangu kama mwizi. Mbele kidogo tukafika hoteli ya chakula. Hoteli za huku zina mlango wa familia na mlango wa makapera. Tangu nifike huku nimekuwa nikiingia wa makapera huku nacheka, nasema mimi nina mke. Siku hiyo nilisimama pale mlangoni nikashindwa kuingia. Nikarudi kwenye basi na njaa yangu.

Na wafu wao. Mtu akifa asubuhi, jioni wameshamzika. Hakuna matanga, hakuna jina juu ya kaburi, ni jiwe tu. Wanasema Mungu anamjua. Hilo nililifikiria njia yote. Kwetu jina ndiyo njia. Unakumbuka mjomba Elly alipogongwa Malaba, Bibi alienda mpaka pale barabarani, akamwita jina mara tatu, akarudi bila kugeuka nyuma. Alisema mtu aliyefia kwa watu hajui njia ya kurudi, mpaka aitwe na wake pale alipoangukia. Na alisema lingine. Ukiita, mtu aliye hai asiitike. Akiitika, njia ya maiti ameichukua yeye.

Hilo ndilo nililoendea Riyadh. Mwili sikuonyeshwa. Hospitali walisema ruhusa ni ya kafili wake, mimi si kitu.

Protus akanipeleka kwenye ile nyumba. Njiani alinionya. Mwanaume mweusi kusimama kwenye ukuta wa watu akiita mwanamke, polisi watafika kabla hajafunga mdomo. Nikamwambia nitaita polepole.

"Basi ita kama unamwambia siri," akasema. "Mimi sizimi gari."

Ilikuwa mchana baada ya sala, jua kali, mtaa mtupu, watu wamelala. Ukuta ni mrefu, hata nikinyoosha mkono sifiki juu. Lakini dirisha lenyewe nililiona. Lilikuwa safi, linang'aa. Nikashika ukuta, ukuta unachoma. Nikaita, "Rispah."

Ndani ya ukuta sauti ya mwanamke ikasema, "Naam, baba."

Dada, kontena imewahi kuanguka hapa karibu na kichwa changu. Sikuogopa vile. Ilikuwa sauti ya kwetu kabisa. Na ndivyo Rispah alivyokuwa akimwitikia bosi wake, nilikuwa namsikia tukiongea kwa simu, naam baba, naam madam. Halafu nikasikia ndala zinakuja kwenye geti. Nikakimbia. Nilijitupa kwenye gari la Protus, nikamwambia nenda, nenda. Aliniuliza mara ngapi sijui, mimi narudia nenda tu.

Nilipomwambia nilichosikia, hakucheka. Aliendesha kwanza. Halafu akaniambia. Wameleta msichana mwingine, anaitwa Magdaline, wa Kitale, bado mdogo. Madam alisema jina Magdaline ni refu na ulimi wake umeshazoea Rispah. Kwa hiyo sasa Rispah ni yeye. Protus alisema ni kawaida ya huku. Yeye mwenyewe bosi wake anamwita Kumar. Kumar alikuwa dereva wa kwanza, alishaenda kwao India.

Ndipo nikajua nani alisafisha lile dirisha.

Nikamwambia Protus amkataze yule msichana kuitika hilo jina. Akaniangalia.

"Wesley, asipoitika atakula nini?"



Sasa hili linalofuata sijamwambia mtu, hata Protus. Niliita mara moja tu, na aliyeitika ni mtu aliye hai. Na nikikimbia niligeuka nyuma. Kwa hiyo siogopi moja, naogopa mawili. Naogopa Rispah amebaki pale ukutani, anasikia akiitwa kutwa nzima na mwingine anaitikia. Na naogopa nimemfungulia binti wa watu njia ya maiti, na yeye hajui, anafua tu. Nikilala nasikia naam baba. Naamka nimelowa.

Protus nilimwomba jambo moja, sikumwambia sababu. Kila akimwona anatoa takataka, amsalimu kwa kumwita Magdaline. Alikubali. Alisema hilo haliwezi kuleta polisi.

Kwenye basi nikirudi ndipo nilikumbuka. Rispah ni jina la kanisa. Mama yake alimwita Nekesa, alizaliwa watu wakivuna. Madam halijui hilo. Agenti halijui. Pasipoti haina. Mimi mwenyewe nilikuwa silitumii, nikalisahau siku ile nilipolihitaji.

Mwili unafika Nairobi Ijumaa. Mimi siwezi kuja, pasipoti yangu anayo kafili. Mama mkwe siwezi kumwandikia, unajua heshima yetu. Wewe nenda kwake, kaa naye peke yenu, mwambie. Kabla udongo haujaingia, asimame amwite Nekesa mara tatu. Aite kwa nguvu, huku ni mbali. Watu wote wanyamaze, hata watoto. Mtu asiitike. Na mchungaji mwambie mapema asiseme Rispah pale kaburini. Kwenye msalaba pia msiandike Rispah. Hilo jina lina mtu.

Wakikuuliza sababu, sema ni Wesley ametaka hivyo. Wakisema nimechanganyikiwa, waache waseme.

Watoto uwashike. Usiwaambie habari ya ukuta. Nisalimie Baba, nisalimie jirani Roselyne, mwambie dawa ya mgongo nitampa mtu anayekuja. Mkimaliza kuzika nitumie neno moja tu kwa simu, hata dukani ni sawa. Sema, Nekesa amefika. Nitaelewa. Nitakuwa nangoja.

Mungu awalinde huko, na huku pia.

Mimi ndugu yako Wesley. Kesho narudi kazini.